Sahani za Marehemu Mbaraka Zafaa Kusikilizwa Shuleni

Wengi wenu mmekwisha sikia kwamba kila Jumamosi, baada ya usafi na kabla ya chakula cha mchana, wanafunzi kama 20 wa Kidato cha Tatu na cha Nne huketi pamoja nami katika chumba cha kompyuta, tukasikiliza sahani za santuri za zamani. Wako waliofurahi, na wako walionuna. Mzazi mmoja aliniambia wazi katika mkutano wa wazazi kwamba hakumleta mwanawe Lugarawa kujifunza dansi, maana dansi angeweza kujifunza nyumbani bila kununuliwa sare. Mzee yule alisema kwa adabu, watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini neno lake lataka jibu, na siku ile hapakuwa na nafasi ya kulijibu. Nalijibu hapa.

Kwanza nieleze tufanyavyo, kwa sababu habari zilizotembea kijijini zimezidi kidogo. Hatuchezi. Sisi hatuna sahani hata moja, wala mashine ya kuzipigia. Twasikiliza kwa kompyuta moja na spika mbili. Duniani wako wapenzi wa muziki wetu ambao wametumia miaka mingi kukusanya sahani za Kenya na Tanzania, wakazipiga picha, wakaandika namba zake, majina ya bendi na ya watunzi, na nyingine wakaziweka katika intaneti ili kila mtu asikie. Ghala moja la namna hiyo laitwa KenTanza Vinyl, na jina lenyewe laonyesha kazi yake: ni Kenya na Tanzania zimeshikanishwa. Wengi wa wakusanyaji hawa si watu wa Afrika Mashariki, na wengine hawajui Kiswahili ila cha kuombea chai. Hata hivyo wamefanya kazi ambayo sisi wenyewe hatukuifanya, na yafaa kusema hivyo bila kuona haya.

Mwanafunzi hupewa sahani moja kwa wiki mbili. Kazi yake ni kunakili kila kitu kilichoandikwa katika karatasi ya katikati ya sahani, kuandika maneno ya wimbo kama ayasikiavyo, kisha kutafuta wimbo ule unahusu nini, ulipigwa lini, na watu gani waliupiga. Akimaliza husimama mbele ya wenzake akawasomea. Wenzake humkosoa bila huruma. Hiyo ndiyo dansi yetu.

Muhula huu tumekaa na mtu mmoja tu, marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa mwaka 1944, akakulia upande wa Morogoro, na katikati ya miaka ya 1960 akaingia katika bendi ya Morogoro Jazz, akiwa mpiga gitaa na mwimbaji. Mwaka 1970 alikwenda Japani pamoja na bendi hiyo, kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Osaka, na safari ile ikazaa wimbo uitwao Expo 70. Mwaka 1973 alitoka Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Mwezi wa Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, naye hajatimiza miaka 35. Wimbo wake wa Shida ulikuwa ukipigwa kila mahali wakati huo. Kijana wa leo aliyezaliwa mwaka 2009 au 2010 anaujua wimbo huo kwa kuusikia katika basi la Njombe, lakini ukimwuliza mwimbaji ni nani atakwambia, “Ni zilipendwa.” Kana kwamba Zilipendwa ni jina la mtu!

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mtu huyu. Kati ya nyimbo zake upo mmoja uitwao Dr. Kleruu. Wanafunzi walipouona katika orodha, mmoja akasema, “Mwalimu, hicho ni chuo.” Ni kweli, ni chuo. Chuo cha Ualimu Kleruu kiko Iringa, na walimu wengi wa nchi hii ya juu wamepita pale. Lakini katika darasa lile hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyejua kwamba Kleruu alikuwa mtu, wala alikufaje. Na hawa ni watoto wa Ludewa, wilaya iliyokuwa chini ya Mkoa wa Iringa mpaka ulipoanzishwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012. Babu zao walitawaliwa na mtu huyo.

Dr. Wilbert Kleruu alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa wakati wa siasa ya Ujamaa Vijijini. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, alikwenda Isimani, akamkuta mkulima aitwaye Saidi Mwamwindi shambani kwake. Wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi akamwua. Kisha Mwamwindi mwenyewe akauchukua mwili katika gari la marehemu, akaupeleka polisi Iringa. Alishtakiwa, akahukumiwa kunyongwa.

Basi, wimbo wa Mbaraka ni wa maombolezo. Mwanafunzi aliyepewa wimbo ule aliandika maneno yake vizuri, akasoma, akakaa. Ndipo msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akanyosha mkono akauliza, “Na yule mkulima, nani alimwimbia?” Nawaambieni kweli, ndugu wazazi, nimefundisha Historia miaka 14, na swali kama hilo sijalipata kwa kufundisha kutoka kitabuni. Tukashinda juu ya swali hilo Jumamosi mbili. Wengine walisema mwuaji haimbiwi. Wengine walisema bendi zilikuwa zikitegemea redio, na redio ilikuwa ya Serikali, kwa hiyo wimbo wa upande wa pili usingepata njia ya kutokea hata kama ungetungwa. Mmoja alisema labda uliimbwa shambani, ukafa shambani. Mimi sikuwapa jibu. Niliwaambia waende wakawaulize wazee wao jinsi Ujamaa ulivyoingia katika vijiji vyao wenyewe, na daftari walizorudi nazo baada ya likizo ninazo ofisini. Mzazi anayetaka kuziona aje azione.

Mtu atasema, hayo yote yangeweza kufundishwa bila muziki. Pengine. Lakini sauti ina jambo ambalo kitabu hakina. Mtoto akisoma kwamba taifa liliomboleza, anaandika katika mtihani kwamba taifa liliomboleza. Akisikia sauti ya mtu wa miaka ile, na magitaa yale, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya jina la marehemu, anatambua kwamba watu wale walikuwa hai kama yeye, nao hawakujua mwaka wa kesho utaleta nini.

Iko faida nyingine, nayo ni ya Kiswahili. Mbaraka alitamka maneno kwa ufasaha, na nyimbo zake zina methali, mafumbo na lugha ya heshima. Lakini sitaki kumsifu kupita kiasi. Nyimbo zake nyingine za mapenzi ni za kulalamika tu, na mambo anayosema juu ya wanawake katika baadhi yake yamewaudhi wasichana wetu, nao walisema hivyo hadharani. Nikawaacha waseme.

Wanafunzi waliniuliza swali ambalo hata wazazi huenda wanajiuliza. Kwa nini sauti za watu wetu ziko Ulaya na Marekani, nasi twaziomba huko? Jibu lake ni refu kidogo, lakini lina mafunzo.

Sahani nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa ndogo, za inchi 7, zizungukazo mara 45 kwa dakika. Upande mmoja huchukua dakika tatu au nne hivi. Ndiyo sababu wimbo mrefu hukatwa ukawa Sehemu ya Kwanza upande huu na Sehemu ya Pili upande wa pili, na katika sehemu ya pili ndipo magitaa huchemka. Kiwanda cha kutengeneza sahani hizo hakikuwapo kwetu. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Bendi za Tanzania zilisafiri kwenda Kenya kurekodi, na huko kampuni za biashara zilichapa sahani na kuziuza. Nyumbani tulikuwa na redio. Redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile tuliyoiita RTD. RTD ilirekodi bendi nyingi sana katika kanda kubwa za sumaku, lakini hasa kwa kutangaza, si kwa kuuza sahani. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, mpaka wa Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Njia ya sahani ikawa nyembamba.

Tangu hapo kukawa na hazina mbili. Ya kwanza ni kanda za redio, zilizobaki Dar es Salaam. Habari za jitihada za kuziokoa zimeonyeshwa katika filamu ya Wahenga ya mwaka 2018. Ya pili ni sahani zilizotawanyika katika nyumba za watu, katika baa na maduka, kutoka Mombasa hata Kigoma. Sahani hizo ndizo wageni walizozinunua moja moja, wengine kwa bei ya karanga, wakaondoka nazo. Baada ya kifo cha Mbaraka kampuni ya Nairobi ilikusanya nyimbo zake katika sahani kubwa zilizoitwa Ukumbusho, nazo pia zikatawanyika. Baadaye kampuni ya Kijerumani iitwayo Dizim ikatoa nyimbo za Morogoro Jazz katika CD. Hivyo ndivyo mtoto wa Lugarawa anavyomsikia mtu wa Morogoro kwa kupitia Ujerumani.

Wapo wanaoona uchungu katika jambo hili, wakasema tumeibiwa. Mimi sikubaliani nao kabisa. Sahani aliyoinunua mgeni sokoni ingeendelea kukaa pale ingekuwa kifuniko cha mtungi. Nimeona kwa macho yangu sahani iliyogeuzwa kuwa kisahani cha maua, imechomwa moto ikakunjwa kingo, nayo ilikuwa inapendeza. Mwenye nyumba hakukumbuka ilikuwa ya bendi gani.

Lakini pia sikubali kwamba kazi imekwisha kwa kuwa wageni wameifanya. Maghala yale yana makosa mengi, na makosa mengine ni ya namna ambayo mgeni hawezi kuyaona hata akikaa miaka 100. Katika orodha moja tulikuta “mapenzi” yameandikwa “mapezi”, wimbo mzima ukawa wa samaki. Pengine mpiga chapa wa zamani ndiye aliyekosea katika karatasi ya sahani, na mkusanyaji akanakili kwa uaminifu. Mahali pengine mwaka umebuniwa tu. Mahali pengine sauti imepigwa kwa mwendo wa kasi kuliko uliostahili, mwimbaji mwanamume akasikika kama kijana ambaye sauti yake haijavunjika. Jambo hilo mtoto wa Kidato cha Tatu alilitambua kabla yangu. Tena majina ya mitindo yamechanganywa. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake uliojulikana, kama Saboso wa Western Jazz, Msondo wa NUTA Jazz, na Sikinde wa Mlimani Park, nao mashabiki walipigania majina hayo kama leo wapiganiavyo Simba na Yanga. Mgeni huona neno hilo, akadhani ni jina la mtu au la wimbo.

Wanafunzi wetu wameandika masahihisho 31 muhula huu. Nimeyatuma kwa wenye maghala kwa anwani yangu, na kwa baadhi tumejibiwa kwa shukrani. Mtoto wa shule ya Serikali ya Lugarawa anapomsahihisha mtaalamu aliyemwagia fedha zake zote katika sahani, na mtaalamu akakubali, mtoto yule hutembea kwa namna nyingine siku ile.

Nirudi sasa kwa wapinzani wangu, maana hawakuishia kwa mzee yule. Mwalimu mwenzangu mmoja ameniambia kwamba Kidato cha Nne wana mtihani wa Taifa, na Mbaraka hataulizwa. Ni kweli. Lakini Kidato cha Nne huja Jumamosi moja tu kwa mwezi, na saa ile ni ile ambayo zamani walikuwa wakiitumia kukaa nyuma ya bweni. Mwingine amesema intaneti ni mlango wa mabaya. Nami nakubali kwamba una mabaya. Ndiyo maana kompyuta ni moja, iko mbele ya watu wote, na kiti cha kuiendesha nakikalia mimi. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, nami sitaki sheria hiyo ilegezwe kwa ajili ya muziki. Gharama ya vocha nimeitoa mfukoni mwangu. Sisemi hivyo nisifiwe, nasema kwa kuwa uvumi umepita kwamba michango ya chakula ndiyo inayosikilizisha watoto santuri.

Hoja ambayo naiona ina uzito kuliko zote haikutolewa na mtu mzima. Mvulana mmoja aliuliza kama sisi pia si wezi, kwa kuwa twasikia bure kazi ya mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka alifariki mwaka 1979, kwa hiyo nyimbo alizozitunga zalindwa hata mwisho wa mwaka 2029. Za Bibi Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na akafariki mwaka 1950, muda wake ulikwisha zamani. Kwa sababu hiyo tumeweka amri yetu: twasikiliza darasani kwa masomo, lakini hakuna kunakili wimbo wa Mbaraka katika flashi au kadi ya simu, wala kumpelekea rafiki wa mjini anayewajazia watu nyimbo kwa fedha. Mmoja alijaribu. Amepumzishwa mpaka muhula ujao.

Na sasa nina ombi, nalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1950 mtu mmoja aitwaye Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine ya kunasia sauti, akawarekodi Wahehe wakipiga ligombo, na watu wa makabila mengine mengi. Sauti hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, iliyo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Tumezisikia. Wanafunzi wakauliza mara moja, “Na Wapangwa je?” Tumetafuta nyimbo za hapa kwetu katika kila ghala tulilolijua: mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, nyimbo za mavuno, nyimbo za wahunzi waliokuwa wakiyeyusha chuma katika milima hii kabla mtu yeyote hajazungumza juu ya mgodi wa Liganga. Hatukupata kitu cha maana. Hakuna mkusanyaji wa Ulaya atakayetuletea hizo, kwa sababu hazikuingia katika sahani hata moja ambayo angeweza kuinunua. Ziko katika vifua vya wazee wenye miaka 80 na zaidi, na muhula huu peke yake tumewazika wazee wawili ambao wajukuu wao wako katika kundi letu.

Mwanamuziki John Kitime, ambaye wengi wanamjua kwa bendi ya Njenje, ameandika kwa miaka mingi habari za wanamuziki wa Tanzania, mmoja mmoja, kwa majina na bendi zao. Nataka wanafunzi wetu wafanye vivyo hivyo kwa tarafa hii. Mkuu wa Shule amekubali tutumie simu yangu kurekodi, kwa sharti kwamba mzee aombwe ruhusa kwanza, jina lake liandikwe kamili, na nakala apelekewe nyumbani. Kwa hiyo mzazi aliye na mzee anayekumbuka nyimbo, na atupe habari. Tutakuja sisi kwake. Asisumbuliwe kupanda mlima.

Tena mwenye sahani za santuri nyumbani, hata zilizokwaruzwa, tunaomba tuzione na kuzipiga picha, kisha zirudi kwake siku hiyo hiyo. Asizisafishe kwa maji ya moto wala mafuta ya taa. Kitambaa laini kikavu chatosha. Azilete zimesimama wima katika kasha, si kulazwa moja juu ya nyingine, na asiziache juani kwenye boda boda. Kwa wiki mbili za mwanzo wa muhula ujao nitakuwa ofisini kila siku baada ya saa tisa. Na kama kuna nyumba yoyote kati ya hapa na Mlangali yenye mashine ya kupigia sahani inayozunguka, hata kwa kusukumwa na kidole, tafadhali mwenye nayo asiiuze kabla hajaonana nami.